Uso wa Mtoto na Kapu la Sadaka

Soma kwa ajili ya somo la wiki hii: Marko 5:1-43, Kumbukumbu la Torati 24:10-15, Ruthu 2, Mathayo 6:1-4, 2 Wakorintho 8:1-21, Matendo 9:36-41.

Fungu la kukariri: Mathayo 6:3.

SABATO MCHANA

Chukua mfano huu. Katika kambi ya zamani ya mkonge wilayani Muheza anaishi bibi mmoja, Mwislamu, pamoja na wajukuu wake watatu. Zao la mkonge liliingizwa katika pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000. Kisha kamba za plastiki zikateka soko, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka pori. Bibi huyu alikuja kambini akiwa binti wa mkata mkonge. Wazee wake wamezikwa hapo, naye hana kwingine pa kwenda.

Shule ya kijiji haitozi ada, kwa kuwa elimu ya msingi na sekondari imetolewa bila ada tangu Januari 2016. Lakini sare, madaftari na uji wa saa nne vinahitaji fedha za wazazi, na wazazi wengi hawana. Shirika moja la ng'ambo linalochangisha fedha kwa ajili ya watoto likakubali kusaidia uji. Likaomba picha. Kiongozi wa Dorkasi wa kanisa la jirani akawapeleka wageni kwa bibi.

Bibi alikuwa amepewa habari mapema. Akamwogesha mjukuu wake wa miaka tisa, akampaka mafuta, akamvika gauni la Idi. Mpiga picha alipomwona mtoto akanong'ona na kiongozi wa Dorkasi. Kiongozi akamsogelea bibi.

"Bibi, wageni wanaomba mtoto avae lile gauni la jana. Na avue viatu, akae pale kwenye mafiga."

"Mwanangu, gauni hili tumelivaa kwa ajili yao."

"Najua, bibi. Lakini huko kwao wakiliona hili, hawatatoa."

Bibi akanyamaza. Mtoto mwenyewe akaingia ndani, akabadili nguo.

Fedha zilipatikana. Sufuria la uji likaanza kuchemka shuleni, na watoto wote wakanywa. Baada ya miaka miwili picha ile ikarudi kijijini kupitia simu ya mtu. Wanafunzi wakaiona. Tangu siku hiyo, kengele ya saa nne inapolia, wenzake humwambia binti yule, "Twende tukanywe uji wa gauni lako." Watoto wote wa shule wanakunywa uji huo. Yeye peke yake hukaa chini ya mwembe.

Je, kiongozi yule alitenda mema au mabaya? Hilo ndilo swali la wiki hii. Si swali jepesi, kwa sababu uji ni wa kweli, na aibu nayo ni ya kweli.

JUMAPILI: Picha Iliyookoa Maisha

Kabla ya kumhukumu kiongozi wa Dorkasi, ni haki kusikiliza utetezi wake. Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Shida isiyosemwa haipati msaada. Na historia inaonyesha kwamba picha ya mtoto mwenye shida imewahi kuokoa maisha ya watoto wengi.

Vita Kuu ya Kwanza ilisimama Novemba 1918, lakini meli za washindi ziliendelea kuzuia chakula kisifike Ujerumani na Austria. Mwaka 1919 mwanamke Mwingereza, Eglantyne Jebb, alikamatwa jijini London kwa kugawa karatasi zenye picha ya mtoto wa Austria aliyedhoofika kwa njaa. Karatasi hizo hazikuwa na kibali cha serikali. Mahakama ikamtoza faini ya pauni 5. Inasimuliwa kwamba mwendesha mashtaka mwenyewe, akiwa ameguswa, alitoa pauni 5 kwa ajili ya kazi yake. Mwezi huohuo wa Mei, Jebb na dada yake Dorothy Buxton walianzisha mfuko wa kuwaokoa watoto, ambao leo unajulikana kama Save the Children. Miaka michache baadaye Jebb aliandika tamko la haki za mtoto, nalo likapitishwa na Umoja wa Mataifa wa wakati ule mjini Geneva mwaka 1924.

Mfano wa pili unatoka Afrika Mashariki. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanza kazi ya upigaji picha Dar es Salaam, alifika Korem, Ethiopia, mwezi Oktoba 1984. Njaa ilikuwa inaua watu kila siku, na ulimwengu ulikuwa haujashtuka. Picha zake za video zilipoonyeshwa na BBC, watu wa mataifa mengi walilia mbele ya televisheni zao, kisha wakatoa. Tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika matamasha ya Live Aid huko London na Philadelphia, na mamilioni ya fedha yakachangwa.

Anayesema kwamba kamwe mtoto mwenye njaa asionyeshwe, na asimame kwanza mbele ya mama wa Korem aliyepata unga kwa sababu ya picha zile. Hata Yesu, aliposimulia habari za Lazaro mlangoni pa tajiri, hakuficha vidonda wala mbwa waliokuja kuviramba (Luka 16:20, 21). Kutoonyesha kabisa kunaweza kuwa namna nyingine ya kupita kando, kama kuhani na Mlawi walivyofanya katika njia ya Yeriko.

Lakini kuna tofauti ya kuzingatia. Njaa ya Vienna na ya Korem ilikuwa imefichwa na wakubwa, na picha iliifunua. Kule Muheza hakuna aliyeficha kitu. Mtoto alikuwa amevaa vizuri, akavuliwa ili apatikane mhitaji anayelingana na matarajio ya mtoaji. Je, waona tofauti kati ya kufunua shida iliyopo na kuitengeneza ionekane?

JUMATATU: Nyumbani kwa Yairo

Soma Marko 5:1-43 kwa utulivu. Sura hii ina watu watatu walioponywa, na Yesu alishughulika na habari za kila mmoja kwa namna yake.

Wa kwanza ni mtu wa nchi ya Wagerasi aliyepagawa na pepo wengi. Alipopona alitaka kufuatana na Yesu, lakini Yesu akamtuma nyumbani kwake akawaeleze watu wake mambo makuu aliyotendewa. Naye akaenda katika Dekapoli akatangaza. Wa pili ni mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili. Yesu aliuliza ni nani aliyemgusa, na mwanamke yule akaja akitetemeka, akasema kweli yote. Watu hawa wawili ni wazima wa umri. Kila mmoja alisema habari zake kwa kinywa chake mwenyewe. Hakuna aliyewasemea.

Wa tatu ni mtoto, binti Yairo, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Hapa mambo yanabadilika kabisa. Nyumba ilikuwa imejaa watu, wapo waliolia na wapo waliocheka. Yesu aliwatoa wote nje. Akaingia na baba, mama na wanafunzi watatu tu. Akamshika mtoto mkono, akamwinua. Kisha akatoa maagizo mawili: mtu yeyote asiijue habari hiyo, na mtoto apewe chakula.

Ni jambo la kushangaza. Huu ulikuwa muujiza mkubwa kuliko yote aliyokuwa ametenda katika sura hiyo. Kama kulikuwa na habari ambayo ingeleta makutano na michango, ni hii. Lakini Bwana aliufunga mlango. Wafasiri wametoa sababu mbalimbali za agizo lake la kunyamaza, na nyingi zinahusu wakati wa huduma yake. Hata hivyo, matokeo kwa binti yule yako wazi: aliamka akawaona wazazi wake, hakuona umati. Alipata chakula, wala hakulipia chakula hicho kwa kuwa kitu cha kutazamwa. Maandiko hayakuacha hata jina lake.

Mtu mzima anaweza kupima: "Nikisimulia haya, nitapata nini, nitapoteza nini?" Mtoto wa miaka tisa hawezi. Hajui kwamba picha haizeeki, wala kwamba siku moja atakuwa msichana wa sekondari, kisha mchumba wa mtu, kisha mama. Kwa sababu hawezi kupima, aliye mkubwa amepewa kazi ya kupima kwa niaba yake, na kufunga mlango inapobidi.

*Tafakari: Katika maisha yako, ni habari gani ya utotoni unayoshukuru kwamba wakubwa waliitunza bila kuitangaza?*

JUMANNE: Simama Nje

Katika Kumbukumbu la Torati 24:10, 11 kuna sheria ndogo inayopitwa na wasomaji wengi. Mtu akimkopesha ndugu yake kitu, na akataka kuchukua rehani, asiingie nyumbani mwa mkopaji kuichukua. Asimame nje. Mwenye nyumba ndiye ataingia na kuitoa.

Mkopeshaji alikuwa na haki ya rehani. Mkopaji alikuwa mwenye shida. Kwa mantiki ya kibinadamu, mwenye mali angeweza kuingia, kupekua na kuchagua. Mungu alimwekea mpaka mlangoni. Umaskini wa ndugu yako haukupi ruhusa ya kuona chumba chake, mkeka wake, wala sufuria lake tupu. Kile anachotaka ukione, atakuletea nje mwenyewe.

Boazi alielewa sheria hii moyoni. Ruthu alikuwa mgeni, mjane, na mwokota masazo. Boazi aliwaagiza vijana wake wamwache aokote hata kati ya miganda, wamwachie masuke kwa makusudi, wala wasimwaibishe wala kumkemea (Ruthu 2:15, 16). Angeweza kumwita mbele ya wavunaji na kumkabidhi gunia, nao wakamsifu kwa ukarimu wake. Badala yake aliupanga msaada wake ufanane na kazi ya mikono ya Ruthu. Jioni ile Ruthu alirudi kwa mkwewe na karibu efa moja ya shayiri aliyoipura mwenyewe. Alikuja kama mtu aliyeshinda kazini.

Watu wa pwani wana neno kwa jambo hili: kusitiri. Mtu mwenye stara ni yule anayejifunika na pia kuwafunika wengine. Kuna msemo usemao kwamba aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mwosha huona yote, na kwa sababu ameona yote, hufunga kinywa chake. Akitoka mle ndani akaanza kusimulia, hakuna familia itakayomwita tena. Mtu anayeingia katika nyumba ya mhitaji kwa jina la Kristo amepewa nafasi kama ya mwosha. Ameona kwa sababu alihitajika kuona. Hakupewa ruhusa ya kutangaza.

Bibi wa Muheza hakujua Kumbukumbu la Torati 24, lakini alijua stara. Alipomvika mjukuu wake gauni la Idi alikuwa anatoa rehani yake nje ya mlango: "Hiki ndicho ninachotaka mkione." Wageni wakapita, wakaingia ndani.

Sheria za nchi nazo zinasogea upande huo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Itakuwa aibu kwa watu wa Mungu kufanya kwa kuogopa faini kile ambacho Musa alikwisha kukifundisha kwa upendo.

JUMATANO: Usimshuhudie Jirani Yako Uongo

Njia inayotumiwa na mashirika mengi ni ya mfadhili mmoja na mtoto mmoja. Mwaka 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Hispania, mwandishi wa habari Mwingereza John Langdon-Davies alianzisha kazi ambayo leo inaitwa Plan International. Mwaka 1952 mhubiri Mmarekani Everett Swanson aliguswa na yatima wa vita ya Korea, na kazi yake ikazaa Compassion International, ambayo huwahudumia watoto kwa kushirikiana na makanisa ya mahali, Tanzania ikiwemo. Katika njia hii mfadhili hupokea picha ya mtoto, jina lake na barua zake.

Si haki kuikataa njia hii yote. Watoto wengi wamesoma kwayo, wametibiwa, na wamepata rafiki wa mbali aliyewaombea kwa majina. Mahali ambapo mzazi ameelezwa na kukubali, na mtoto anaonyeshwa akiwa katika hali yake ya kawaida, picha ni kama salamu kati ya watu wawili.

Hatari huanza pale picha inapotakiwa kusema lisilo kweli. Mwaka 2009 Save the Children ilieleza kwamba angalau watoto wanne kati ya watano wanaoishi katika vituo vya kulelea watoto duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Wengi wamefikishwa huko na umaskini. Lakini neno "yatima" hufungua mikono kuliko maneno "mtoto ambaye mama yake ni maskini". Hivyo mama aliye hai anafutwa katika karatasi ya maombi ya msaada. Kwa kalamu tu, mtoto amefiwa.

Amri ya tisa hukumbukwa zaidi mtu anapomsingizia mwingine uovu. Lakini mtu anaweza pia kusingiziwa unyonge. Kumwonyesha bibi anayelima, anayepika na anayewaamsha wajukuu alfajiri kana kwamba ni mtu asiyejiweza, ni kumshuhudia uongo. Uongo huu una madhara mawili. Mtoaji anafundishwa kwamba watu wa mahali fulani hawana kitu, hata heshima. Na yule anayesaidiwa anafundishwa kwamba unyonge wake ndio mali yake, hivyo akiuacha atakosa chakula.

Mashirika yenyewe yamewahi kukiri kosa hili. Mwaka 1989, baada ya mjadala mrefu kuhusu picha za njaa ya Ethiopia, muungano wa mashirika ya Ulaya ulipitisha mwongozo wa maadili kuhusu picha na habari za nchi maskini. Ikiwa wale ambao wengi wao hawakudai kuongozwa na Maandiko waliona haja ya kujirudi, wale wanaoyasoma kila asubuhi wana udhuru gani?

*Tafakari: Ni lini sala ya hadhara, au ombi la msaada kanisani, linaweza kuvuka mpaka na kuwa ushuhuda wa uongo juu ya mtu anayeombewa?*

ALHAMISI: Paulo Mchangishaji

Sasa linakuja swali gumu kuliko yote. Tuseme shirika limeamua kutenda haki. Linamwonyesha mtoto akiwa na gauni lake la Idi, au halionyeshi uso kabisa. Matokeo yake michango inapungua. Sufuria la uji linapungua pia. Nani anabeba hasara hiyo? Si mchangishaji mwenye dhamiri safi. Ni mtoto. Je, stara isiyojaza kikombe ina faida gani?

Katika 2 Wakorintho 8 Paulo anachangisha fedha kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Angalia anavyofanya. Katika sura nzima hakuna maelezo ya mashavu yaliyobonyea wala ya watoto wanaolia. Umaskini mkubwa unaotajwa ni wa Wamakedonia, nao wanatajwa kama watoaji waliopita uwezo wao. Kisha Paulo anaelekeza macho kwa Kristo, aliyekuwa tajiri akawa maskini kwa ajili yao. Mwisho anazungumzia usawa: leo wingi wenu uwafae, kesho wingi wao uwafae ninyi. Anayeomba kwa namna hii hamfanyi mpokeaji kuwa mdogo.

Lakini Paulo hakusema, "Toeni tu, msiulize." Katika aya ya 18 hadi 21 anaeleza kwamba fedha zitasafirishwa pamoja na ndugu mwenye sifa njema, aliyechaguliwa na makanisa, ili pasiwe na lawama, na mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Mtoaji ana haki ya uhakika. Paulo anampa uhakika huo kwa njia ya watu waaminifu na hesabu iliyo wazi. Hampi kwa kumwanika mpokeaji.

Hata leo uhakika wa uji unaweza kupatikana bila uso wa mtoto. Kuna stakabadhi ya unga na sukari. Kuna daftari la mahudhurio la mwalimu. Kuna kamati ya shule inayoweza kusomewa mapato na matumizi mbele ya wazazi. Kuna mkaguzi. Haya yanathibitisha mengi kuliko picha, kwa maana picha huonyesha mtoto mmoja siku moja, lakini daftari huonyesha mia mbili kwa mwaka mzima.

Kuna pia ushuhuda wa wale waliosaidiwa, unapotoka kwao wenyewe. Katika Matendo 9:39 Dorkasi amekufa, na wajane wamesimama karibu na Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hawakuonyeshwa na mtu. Wao ndio walioonyesha. Na walichokionyesha kilikuwa zile nguo ambazo upendo ulikuwa umewavika. Inafaa kila idara ya Dorkasi ikumbuke kwamba mama ambaye inachukua jina lake alijulikana kwa kuwavika watu.

Basi, nani abebe hasara? Jibu la Maandiko linamwelekea mtoaji. Mchangishaji alimwambia bibi, "Wakiliona gauni hili, hawatatoa." Maneno hayo yalikuwa shutuma juu ya watu waliokuwa mbali, ambao moyo wao haufunguki mpaka mtoto avuliwe. Nao walikuwa waumini wanaosali, wanaopenda watoto. Hawakujua kwamba ugumu wao ndio uliomvua mtoto viatu. Pale mtoaji anapojifunza kutoa kwa sababu jambo ni la haki na hesabu ni safi, hakuna mtoto atakayelazimika kubadili nguo. Anayeutaka mwili wa mtoto kama kichocheo cha ukarimu wake, amepokea kitu badala ya fedha zake. Amekwisha kulipwa.

IJUMAA

Jifunze zaidi: Soma sura inayohusu binti Yairo katika kitabu cha Ellen G. White, *Tumaini la Vizazi Vyote*.

Kila robo madarasa ya Shule ya Sabato duniani hukusanya Sadaka ya Sabato ya Kumi na Tatu kwa ajili ya miradi ya utume katika nchi mbalimbali. Habari za utume husomwa, na mara nyingi ndani yake kuna mtoto. Tanzania imewahi kuwa upande wa kupokea tangu wamisionari Johannes Ehlers na A. C. Enns walipofika Upare mwaka 1903. Leo darasa la Tanga huchangia watoto wa visiwa na milima ambayo washiriki wake hawataiona. Kwa hiyo somo la wiki hii linahusu pande zote mbili. Aliyewahi kupigwa picha jana, leo ndiye anayesubiri kuonyeshwa picha.

Turudi kambini Muheza. Kiongozi wa Dorkasi aliposikia habari za binti yule na mwembe wake, hakulala. Asubuhi akaenda kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akakaa mkekani, akaomba radhi. Akaeleza kwamba aliwaza uji tu, hakuwaza kesho ya mtoto. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Uji ni mzuri," akasema. "Wadogo zake wanaunywa, nami nashukuru. Lakini siku ile nilikuwa nimepika bada na kisamvu cha nazi kwa ajili yenu. Mlikuja kupiga picha ya njaa, nanyi hamkula chakula changu."

Kiongozi hakuwa na jibu. Bibi akaenda jikoni, akarudi na sahani.

Wiki iliyofuata kiongozi aliliandikia shirika barua, akaomba picha iondolewe, akaambatanisha hesabu za unga na daftari la mwalimu. Kisha akalieleza kanisa lake dogo kwamba huenda mchango wa ng'ambo ukapungua, na kwamba washiriki wenyewe wajiandae kujaza pengo kwa mahindi na sukari. Kama lingejazwa au la, lilikuwa limewekwa mikononi mwao.

Maswali ya Kujadili

1. Picha za Korem ziliokoa watu wengi. Je, kuna hali ambayo darasa lenu lingekubali uso wa mtoto mwenye mateso uonyeshwe? Ni nani anayepaswa kukubali kwanza?

2. Linganisheni namna Yesu alivyomtuma mtu wa Wagerasi akasimulie, na alivyoagiza habari za binti Yairo zisijulikane. Tofauti hiyo inafundisha nini kuhusu ushuhuda wa watoto kanisani, katika kambi na katika makundi ya simu?

3. Kanisa lenu linapogawa misaada, je, wapokeaji huitwa mbele na kupigwa picha? Kumbukumbu la Torati 24:10, 11 ingebadilisha nini katika utaratibu huo?

4. Mathayo 6:1-4 inahusu mtoaji anayetaka kuonekana. Je, inamhusu pia mtoaji anayetaka kuona? Elezeni.

5. Kama mchango wa kulinda heshima ya mtoto ni mdogo kuliko ule wa kumwaibisha, darasa lenu liko tayari kulipa kiasi gani cha tofauti hiyo?